Uliza Shangazi: Lile swali la nyuma ya karatasi ya kura usiliruke

Mwangaluka wasomaji wangu. Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja, kura za ndugu zetu waliohamia Marekani. Ilianza barua moja ya dada wa Igoma, nikaigusia kidogo toleo lililopita nikaahidi kuijibu, basi mkafunguka, kumbe kila nyumba Mwanza ina mtu huko na kila mtu ana la kuuliza. Leo ukurasa mzima ni huo.

Shangazi shikamoo. Mi ni mama wa miaka 41 nakaa Igoma, nina mdogo wangu wa kiume, tumbo moja, yuko Minneapolis jimbo la Minnesota mwaka wa 14 huu, ameshachukua uraia wa kule na anaendesha malori. Juzi kwenye simu akaniambia uchaguzi ukija yeye atapiga kura ya gavana na wabunge tu, yale maswali mengine ya kuongeza hela za mashule, sijui za maji, sijui za mbuga, anayaacha wazi, hasemi ndiyo hasemi hapana, maana kodi zimemchosha na pia hataki kumzibia mtu. Nikamwambia hiyo sio sawa ila sikuwa na la kuongeza. Yeye ndo ananisomeshea watoto wawili kwa hiyo hata kumsema naona aibu. Nimwambieje? Dada Mkubwa, Igoma

Marahaba mwanangu. Kwanza aibu itoe. Kukusomeshea watoto hakujamfanya yeye mkubwa, wewe bado ni dada na dada mkubwa kwetu ni mama, unasema na yeye anasikiliza hata kama mwisho wa siku ataamua ya kwake.

Kwa wasomaji ambao hawajui, Marekani kila jimbo lina katiba yake, bunge lake na kodi zake, na majimbo yote 50 isipokuwa Delaware hayawezi kugusa katiba ya jimbo mpaka wananchi waulizwe kwa kura. Mengi pia serikali haiwezi kukopa hela ya mradi mkubwa bila wananchi kusema ndiyo. Sasa mara nyingi hawaitishi uchaguzi wa peke yake, swali wanalichapa kwenye karatasi ileile yenye majina ya wagombea, mara nyingi chini kabisa au upande wa nyuma, na ndo hapo watu wanapochoka, wameshamchagua gavana, foleni ndefu, mtoto analia, wanaliruka.

Huyu mdogo wako anadhani akiacha wazi amekaa pembeni. Kwa Minnesota hajakaa pembeni, amesema hapana. Naomba umsomee hii sehemu neno kwa neno. Katiba ya Minnesota inataka badiliko la katiba likubaliwe na zaidi ya nusu ya watu wote waliopiga kura kwenye uchaguzi huo, sio zaidi ya nusu ya waliojibu hilo swali. Chukua watu mia wameenda kituoni, 49 wakaandika ndiyo, 30 wakaandika hapana, 21 wakaacha wazi kama anavyotaka kufanya yeye. Waliosema ndiyo ni wengi kuliko waliosema hapana na swali limeanguka, limeangushwa na wale 21 ambao kila mmoja wao amerudi nyumbani akijua hajamzibia mtu. Swali la shule za wilaya yake lenyewe linahesabiwa tofauti, pale wanaangalia waliojibu tu, lakini hata hapo akikaa kimya ina maana majirani wameamua watoto wake wasome kwenye jengo gani na yeye hakuwepo.

Afu kuhusu kodi kumchosha, mi sibishi, kodi inachosha, ila mwulize ni ngapi. Novemba 2008 watu wa Minnesota waliulizwa kama wanakubali kodi ya mauzo iongezwe tatu ya nane ya asilimia moja kwa ajili ya maji safi, mapori na mazalia ya samaki na wanyama, mbuga na njia za kutembea, sanaa na historia. Wakakubali. Hiyo tatu ya nane ukiipiga hesabu ni senti 37 na nusu kwenye kila dola 100 za manunuzi, na kule chakula cha kwenda kupika nyumbani na nguo havitozwi kodi ya mauzo. Theluthi ya hela hiyo inaenda kwenye maji, mito na maziwa. Waliwekewa na mwisho pia, inakwisha 2034, wakitaka iendelee lazima wananchi waulizwe upya, kwa hiyo mdogo wako kuna siku swali hili litamkuta mkononi. Na 2024 waliulizwa tena kama sehemu ya hela ya bahati nasibu ya jimbo iendelee kwenda kwenye mfuko wa mazingira mpaka 2050, zaidi ya robo tatu wakasema ndiyo. Hapo hamna kodi mpya hata senti, ni hela ya tiketi za bahati nasibu, na bado kuna watu waliacha wazi.

Na yeye ni dereva wa malori. Mwaka 2006, kabla hajafika, watu wa jimbo lake walipiga kura kwamba kodi anayolipa mtu akinunua gari yote iende kwenye barabara na usafiri wa umma isipelekwe kwingine. Hizo lami anazokanyaga kila siku kuna watu hawajui hata jina lake waligeuza karatasi wakaziwekea alama.

Halafu mkumbushe alikotoka. Ameondoka pembeni ya Victoria, ziwa la pili kwa ukubwa wa eneo duniani kwa upande wa maji baridi, akaenda kuishi kwenye jimbo linalogusa Superior ambalo ndo la kwanza. Amekulia anaona magugu maji yamefunga mwalo mpaka mtumbwi hausogei, anajua ziwa likiugua nani anakosa mboga. Mtu wa ziwa akiulizwa ziwa litunzwe au lisitunzwe hawezi kunyamaza bwana.

Mwanangu wa kwanza yuko Houston Texas na ana ile grini kadi, mwaka wa nne. Ni mtu wa watu, kule anasaidia kanisani na majirani wamemzoea, sasa wamemwambia na yeye aende akapige kura ya mambo ya maji. Mi naona fahari lakini roho inasita. Aende? Mama wa Dagaa, Mwaloni Kirumba

Mayu, asiende. Roho yako imekuambia kweli, na leo hii mpigie simu.

Grini kadi ni ruhusa ya kuishi na kufanya kazi, sio uraia, na kura za majimbo ni za raia. Asiye raia akijiandikisha na kupiga kura anaweza kufunguliwa kesi, anaweza kunyimwa uraia huko mbele, anaweza kurudishwa nyumbani hata kama aliambiwa na mtu mwema kanisani kwamba haina shida. Kuna watu huwa wanasaini tu fomu wanayopewa wakiwa wanashughulikia leseni ya udereva bila kusoma pale pa kujiandikisha kupiga kura, mwambie asome kila kisanduku kabla hajaweka alama. Wala wewe au baba yake msitume hela ya kuchangia kampeni ya huko, sheria za Marekani kuhusu hela za wageni kwenye uchaguzi ni kali, hela ya dagaa ibaki Kirumba.

Ila mambo ya maji ya Texas ni ya kweli. Novemba 2025 waliulizwa kama mpaka dola bilioni 1 kila mwaka za kodi ya mauzo inayokusanywa tayari zitengwe kwa ajili ya maji kuanzia 2027, kwa miaka 20, mabomba yaliyochakaa yabadilishwe na vyanzo vipya vitafutwe, na karibu 70 kati ya kila 100 wakasema ndiyo. Texas, jimbo ambalo watu wake hawapendi kabisa neno kodi. Mtoto wako hakupiga kura ile ila maji atayanywa. Siku akiapishwa uraia ndo aende, na akienda ajibu maswali yote mpaka la mwisho.

Shangazi mi nakusoma kila toleo lakini hapa sikubaliani. Unahamasisha watu waseme ndiyo kwenye hela za umma, hela za umma zinaliwa. Mtaani kwetu tumechangishwa darasa mara mbili, la kwanza likaishia kwenye msingi, la pili mbao hazijulikani zilipo. Binadamu ni walewale, Mabatini na Marekani. Kaka yangu yuko California, nimemwambia kila akiona neno mkopo au kodi aandike hapana. Nimekosea? Fundi Seremala, Mabatini

Fundi, umeongea kitu kinachoniuma na mimi kwa hiyo nitakujibu kirefu.

Sisi tunakaa mlimani, nyumba juu ya mawe kama unavyojua huku kwetu, na miaka ile maji tulikuwa tunashuka kuyafuata chini na ndoo kichwani, unapanda mawe na lita 20, ukiteleza umerudi sifuri. Tukakubaliana kila kaya ichangie bomba lipande mpaka kwetu. Tukachanga, kuna mama aliuza mbuzi wake, mi niliiona ile mbuzi ikiondoka. Hela ikakaa kwa mtu mmoja, mtu huyo akahama usiku, bomba halikuja. Miaka mitatu hakuna aliyetaka kusikia neno mchango na miaka mitatu hiyo tuliendelea kubeba ndoo. Naomba hapo usipapite haraka fundi. Aliyeiba alikuwa mmoja na tulishamkosa, lakini adhabu ya kukataa kuchanga tena tulijipa sisi wenyewe na walioibeba kichwani walikuwa akina mama na watoto wa kike.

Mara ya pili kilichobadilika hakikuwa watu, watu walikuwa walewale kama unavyosema. Kilichobadilika ni utaratibu. Wakachaguliwa akina mama watatu ambao hawakuwa kwenye kamati wala hawakuwa ndugu wa fundi wala wa muuza mabomba, risiti zote zikawa zinakaa kwao, na kila Jumapili karatasi inabandikwa ukutani, nani katoa ngapi, kimenunuliwa nini, imebaki ngapi. Bomba lilipanda. Mpaka leo nikifungua koki asubuhi namkumbuka yule mama wa mbuzi, alichanga mara mbili.

Sasa California huko kwa kaka yako wameyaandika mambo hayohayo kwenye sheria. Zamani wilaya ya shule ikitaka kukopa kujenga ilihitaji theluthi mbili ya kura, mwaka 2000 wananchi walikubali kura zishuke mpaka 55 kati ya 100, lakini kwa masharti. Orodha ya miradi iandikwe kabla ya kura, hesabu zikaguliwe kila mwaka, na iwepo kamati ya wananchi ya kusimamia ambayo mfanyakazi wa wilaya, mkandarasi wala muuza vifaa wake haruhusiwi kukaa. Ni wale akina mama watatu, ila wamewekwa kisheria.

Na usidhani wanasema ndiyo kwa kila kinacholetwa. Machi 2020 waliletewa mkopo wa dola bilioni 15 wa majengo ya shule, wakaukataa. Novemba 2024 ukaja mdogo zaidi, bilioni 10, wakaukubali, na siku hiyohiyo wakakubali bilioni 10 nyingine za maji, moto wa misitu na mabadiliko ya tabianchi. Siku hiyo pia waliulizwa kama mikopo ya nyumba na miundombinu ya halmashauri nayo iwe inapita kwa 55 kati ya 100, hilo wakalikataa. Watu wanasoma fundi. Kitabu cha mpiga kura kinakuja na hesabu, ule wa maji waliambiwa wazi kwamba kuulipa ni kama dola milioni 400 kila mwaka kwa miaka 40, ukizidisha ni bilioni 16, yaani unakopa kumi unarudisha kumi na sita. Mi sifichi hiyo. Ila na wewe seremala unajua mbao ukiinunua leo na ukiinunua miaka kumi ijayo sio bei moja, na paa linalovuja ukiliacha linakula kuta.

Kwa hiyo ndiyo, umekosea, sio kwa kuwa na shaka, shaka kaa nayo. Umekosea kumwambia aandike hapana kabla hajasoma. Mwambie atafute vitu vitatu kwenye swali, hela inaenda kujenga nini hasa, nani anakagua, inalipwa kwa miaka mingapi. Akivikuta vyote na mradi ni wa kitu kinachohitajika aandike ndiyo kwa moyo mweupe. Asipovikuta hapana yake nami naiheshimu.

Habari Shangazi, mi mwanafunzi wa chuo, nakaa Malimbe. Swali fupi, hii hatifungani ni nini kwa lugha ya kawaida na je hizi kura huwa zinamuumiza maskini tu? Kijana wa Uchumi

Hatifungani ni cheti cha kukopesha. Serikali au mamlaka inasema nataka kiasi hiki nijenge, wewe unatoa hela yako, unapewa cheti, unalipwa riba kila kipindi na muda ukiisha unarudishiwa mtaji. Hata hapa nchini tumeshaona, mamlaka ya maji ya Tanga mwaka 2024 iliuza hatifungani ya shilingi bilioni 53.12 kupanua huduma ya maji, miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, na hela iliyopatikana ikazidi iliyoombwa. Tofauti ni kwamba Tanga walienda kwa wenye hela ya kukopesha, majimbo ya Marekani ninayoyasema yanaenda kwanza kwa mpiga kura kuomba ruhusa, afu ndo yanaenda sokoni.

Kuhusu maskini, inategemea swali limeandikwaje ndo maana nasema wasome. Kodi ya mauzo inamgusa kila anayenunua. Lakini Massachusetts mwaka 2022 waliulizwa kama mtu mwenye kipato cha zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka aongezewe kodi ya asilimia 4 kwa kile kinachozidi hiyo milioni, hela iende elimu na usafiri tu. Ilipita kwa tofauti ndogo, kama 52 kwa 48. Mwaka huohuo Colorado wakakubali kupunguza misamaha ya kodi ya wenye kipato cha dola laki tatu kwenda juu ili mtoto wa shule ya umma ale bure shuleni. Mama anayefanya usafi hotelini Denver hakuongezewa kitu na mtoto wake anakula. Halafu unakuta mama huyohuyo aliliacha swali wazi kwa sababu aliona neno kodi akaogopa, hiyo ndo inayonikosesha usingizi.

Shangazi wa watu, mambo ya Marekani mazuri lakini sisi je? Hapa Ukerewe nani ameshatuuliza ndiyo au hapana? Mzee wa Nansio

Mzee wangu shikamoo. Umeuliza haki yako.

Kwetu kodi na mikopo ya serikali inapita bungeni, hatupigi kura ya swali la mradi. Daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa Juni 19, 2025, kilomita 3 juu ya ziwa na zaidi ya shilingi bilioni 700, sisi tuliosubiri kivuko pale masaa na mgonjwa kwenye gari hatukupewa karatasi ya kusema ndiyo, na naamini tungepewa tungejaza ndiyo mpaka wino uishe. Mradi wa maji wa Butimba hivyohivyo, lita milioni 48 kwa siku. Kura ya maoni tunaijua, Zanzibar walipiga Julai 31, 2010 kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa na 66.4 kati ya 100 wakakubali. Ya katiba ilitungiwa sheria mwaka 2013 ikapangiwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa.

Lakini mzee tuna kitu kimoja ambacho tunakiacha wazi kama yule kijana wa Minnesota. Mkutano mkuu wa kijiji. Sheria inasema kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, unatakiwa kukaa kila miezi mitatu, mapato na matumizi yanasomwa na kijiji kinaamua kianze na zahanati au na choo cha shule. Nimehudhuria mikutano hii sehemu nyingi za kanda yetu, unakuta kijiji cha watu elfu na kitu, waliokuja arobaini, wengine wako mwaloni, wengine wamesema mambo ya viongozi hayo, jioni mchango umepitishwa na watu arobaini na kesho yake elfu nzima inalalamika. Ukiwa pale unyooshe mkono uombe risiti za mwaka jana zisomwe. Huo mkono wako mzee ndo karatasi yetu kwa sasa, na mi nitaendelea kuandika kwamba tupewe na ile nyingine.

Shangazi, mi ni nesi, dada yangu yuko jimbo la Maine, raia wa kule, kazi zake mbili, hana muda wa kusoma makala. Nisaidie maneno ya voisi ya dakika moja tu nimtumie WhatsApp. Nesi, Pasiansi

Maine huwa wanauliza sana, kule serikali ya jimbo ikitaka kukopa zaidi ya dola milioni 2 lazima iende kwa wananchi. 2024 peke yake waliulizwa mikopo mitatu, milioni 25 za utafiti na ubunifu, milioni 10 za kukarabati majengo ya kihistoria, milioni 30 za njia za kutembea na baiskeli, yote ikapita. Dada yako atakutana nayo tena.

Voisi yenyewe iseme hivi, kwa sauti yako ya kawaida, usisome kama taarifa ya habari:

"Dada habari za kazi, najua umechoka sitakuchukulia muda. Uchaguzi ukifika usiishie kwenye majina ya watu. Kuna maswali yanakuja ya hela za barabara, shule, maji, hayo ndo utakayoyatumia wewe na watoto kesho asubuhi kuliko hata hao wagombea. Wiki moja kabla, ukiwa kwenye basi, ingia kwenye tovuti ya jimbo lako uangalie karatasi ya mfano, swali ni mistari michache tu. Angalia wanajenga nini, nani anakagua, wanalipa kwa miaka mingapi. Ukiona ni kitu cha kweli andika ndiyo, usiogope neno mkopo, hata mama alikopa kikoba ndo sisi tukasoma. Na ukishamaliza mbele dada, geuza karatasi uangalie na nyuma."